Kuijua Mandale Nzuri: Kimea, Uji na Kikombe

Karibu kote Afrika Mashariki na mashariki ya Kongo, mama anayeuza pombe hupiga funda la kwanza mwenyewe kabla ya kumpa mgeni kikombe. Mnywaji hutulia: aliyepika amekunywa, basi hakuna neno. Desturi hiyo inathibitisha kuwa muuzaji ana nia njema. Haithibitishi kuwa pombe ni salama. Januari 2015, huko Chitima katika jimbo la Tete nchini Msumbiji, watu 75 walikufa baada ya kunywa pombe ya nafaka msibani, na aliyeipika alikuwa miongoni mwao. Uvumi wa kwanza ulidai imetiwa nyongo ya mamba. Maabara ilikuta kitu kingine kabisa: asidi ya bongkreki, sumu inayotengenezwa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli, iliyotokana na unga wa mahindi ulioharibiwa na mafuriko. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa.

Ndiyo maana mtu anayetaka kujifunza kuitambua pombe nzuri ya nafaka, au kuipika mwenyewe kwa mara ya kwanza, hana budi kuanzia mbali na kikombe.

Pombe inayozungumziwa hapa ni mandale, ile ya mahindi au mtama au vyote viwili, inayopikwa majumbani Kivu Kusini. Katika eneo la Fizi, kuanzia Baraka ufukoni mwa Ziwa Tanganyika hadi Lubondja upande wa bara, ni jirani wa kasiksi ya ndizi na, kwa bahati mbaya, wa kanyanga pia, ile pombe kali ya kukenekwa. Si kila nyumba inakunywa. Baraka ina Waislamu wengi, na makanisa mengi ya Kiprotestanti hayataki kusikia habari za pombe. Lakini wanywaji wenyewe hawaishi kubishana ni mama yupi anapika vizuri, na wengi wao hutumia kipimo kimoja tu: ukali. Hicho ndicho kipimo kibovu kuliko vyote, kwa kuwa ukali hununuliwa kwa kikombe kimoja cha kanyanga kilichomwagwa ndani ya mtungi, na kikombe hicho huficha makosa yote yaliyotangulia.

Nafaka kwanza. Punje nzuri ni kavu na nzito, na ukiitafuna inavunjika kwa mlio. Isiwe na vumbi la kijani, la kijivu wala la waridi, na isinuke kama nguo iliyokunjwa mbichi. Nafaka yenye ukungu haikombolewi kwa kuoshwa, kukaangwa wala kuchachushwa, kwani sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, hustahimili moto wa jikoni. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, na hao walikula ugali wa kawaida tu. Wapo wanaosema mahindi yaliyoharibika yasitupwe, yafae walau kwa pombe. Anayesema hivyo asiuziwe wala asinunuliwe kitu.

Kwa upande wa mtama, rangi ina maana. Mtama mwekundu mara nyingi una tanini nyingi. Ndege huukwepa shambani, jambo linalompendeza mkulima, lakini tanini hukausha ulimi na kuzuia vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Mtama mweupe hutoa pombe laini zaidi. Viwanda vinalijua hilo: Nile Breweries ya Uganda ilipoanza kuuza Eagle Lager mwaka 2002, ilitegemea Epuripur, mtama mweupe uliotoka kituo cha utafiti cha Serere. Hata hivyo wako wapenzi wa mwekundu, wanaoutaka ukakasi wake kama wengine wanavyotaka chai ya rangi iliyokolea, na ladha yao iheshimiwe. Njia ya kati ni kuchanganya, mweupe ukiwa mwingi.

Kisha kimea, na hapa ndipo mpishi hujulikana.

Nafaka hulowekwa kwa saa 16 hadi 24, maji yakibadilishwa mara mbili au tatu, halafu hutandazwa juu ya majani ya mgomba na kufunikwa, ikinyunyiziwa maji na kugeuzwa kila siku. Baada ya siku nne au tano huwa imechipua. Mjuzi akifika wakati huo hutazama usawa kuliko wingi. Machipukizi yawe na urefu unaolingana. Yakiwa marefu huku na mafupi kule, rundo halikugeuzwa, na katikati lilipata joto likaanza kuoza. Kwa anayeanza kuna jaribio dogo lisilo na gharama: ahesabu punje 100, azioteshe pembeni, na kama zilizochipua hazifiki 90 atafute nafaka nyingine, maana punje iliyokufa haitengenezi kimea, inalisha ukungu tu.

Kukausha ni jua tu, juu ya mkeka au turubai safi, hadi punje ivunjike kati ya meno. Ikivunjika yote kwa urahisi ikaacha utamu mdomoni, kimea kimeiva. Ikibaki na ncha ngumu kama jiwe, kilianikwa mapema mno. Baada ya hapo mizizi na machipukizi husuguliwa kwa viganja na kupepetwa kwa ungo. Kazi hiyo wapishi wavivu huiruka, nayo si ya urembo: machipukizi ya mtama yana kemikali inayozaa sayanidi, na sehemu kubwa huondoka hapo na wakati wa kupika. Kimea kibichi cha mtama kisitafunwe kama karanga, na kuku wasimwagiwe.

Jua lina faida ambayo hata historia ya bia ya Ulaya inaikubali. Kwa karne nyingi Waingereza walikausha kimea cha shayiri kwa moto wa kuni, kikatoka cheusi na chenye moshi. Walipopata makaa ya mawe yaliyokwisha kuchomwa na kuondolewa moshi, moto uliotulia uliwapa kimea cheupe, na kutoka hapo zikazaliwa bia zao za rangi ya dhahabu ziitwazo pale ale. Kimea kilichokaushwa taratibu hubaki na rangi nyepesi na vimeng'enya hai. Cha Lubondja, kilichoanikwa juani, hakikuwahi kuhitaji mapinduzi hayo. Kinachoweza kukiharibu ni mvua ya ghafla, au haraka ya kukimalizia juu ya jiko.

Anayeota kupika pale ale yenyewe huko Baraka akubali kwanza ukweli wa soko. Shayiri iliyooteshwa haipatikani dukani, na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na kuilinda isiharibike, hayastawi vizuri karibu na ikweta. Viwanda vya Kongo huyaagiza nje. Na hata bia ya Primus ya kampuni ya Bralima, iliyokuwa ikipikwa Bukavu, imepata misukosuko: Juni 2025 kampuni ya Heineken, iliyokuwa ikiimiliki Bralima wakati huo, ilitangaza kuwa imepoteza udhibiti wa shughuli zake Bukavu na Goma. Mandale haihitaji meli wala lori. Badala ya hopsi ina uchachu, na uchachu huo ndio ngao yake, ingawa ni ngao ya siku mbili tatu tu.

Sasa uji. Hapa kuna sayansi nzuri iliyofichwa ndani ya mazoea. Wanga wa mahindi na mtama haulegei mpaka joto lipite nyuzi 70, wakati vimeng'enya vya kimea huanza kufa karibu na hapo hapo. Shayiri haina taabu hiyo, wanga wake hulegea mapema. Kwa hiyo mpishi anayechemsha kimea na unga pamoja tangu mwanzo atapata uji mzito usio na utamu, na atalaumu hamira. Mapishi mazuri hutenganisha: unga usiooteshwa hupikwa hadi uive kabisa, hupozwa, kisha kimea kilichosagwa hukorogewa humo na sufuria kufunikwa kwa blanketi saa nzima au zaidi.

Upozwe hadi wapi? Joto linalotakiwa ni karibu nyuzi 65. Asiye na kipimajoto atumie hesabu: vikombe vitatu vya maji yanayochemka vikichanganywa na viwili vya maji yaliyochemshwa yakapoa hutoa karibu nyuzi 68, na kidole kilichochovywa humo hakivumilii hata sekunde chache. Akikumbuka joto hilo, ataupoza uji hadi kidole kimwambie vilevile. Dalili ya kufaulu haina ubishi, kwani ndani ya nusu saa uji mzito hulegea ukawa mwepesi, na ulimi hukuta utamu ambao haukuwapo. Mwenye shaka adondoshee tone la iodini, ile dawa ya vidonda, kwenye kijiko cha uji uliopoa na akimwage baadaye. Ukigeuka bluu iliyoiva kuwa nyeusi, wanga bado umo. Wanga wa mtama haugeuki wote kuwa sukari, kwa hiyo bluu hafifu isimtishe mtu.

Maji yana hadithi yake. Ya Ziwa Tanganyika ni ya alkali, pH yake ikiwa kati ya 8.5 na 9, na alkali huvuta ukakasi kutoka kwenye maganda ya nafaka. Mpishi wa ufukoni anayeuacha uji uchachuke usiku mmoja kabla ya kuupika analirekebisha jambo hilo, ajue asijue. La uzito zaidi ni usafi. Kipindupindu hurudi mara kwa mara Fizi na Baraka, na hatari kubwa haiko ndani ya sufuria iliyochemka. Iko kwenye ndoo ya maji mabichi inayoongezwa mwishoni ili pombe itoshe wateja. Mandale iliyozimuliwa hivyo hujulikana: ni nyembamba katikati ya ulimi, uchachu umebaki peke yake bila mwili.

Vyombo pia visemwe. Fizi ni nchi ya mawese, na bidoni za njano zilizobeba mafuta hugeuzwa za pombe. Mafuta hujificha kwenye plastiki hata baada ya sabuni, nayo huua povu na kuleta harufu ya kuvunda. Bidoni iliyokuwa ya mawese ibaki ya mawese.

Kuhusu chachu, wapishi wengi hutumia mashapo ya mapishi yaliyopita, na wengine hamira ya mkate. Vyote hufanya kazi. Kinachotofautisha ni joto la chumba. Chachu za bia aina ya pale ale hupenda nyuzi 18 hadi 22. Baraka, kwenye kimo cha ziwa cha mita 773, ni nadra kuzipata. Joto likizidi, chachu hukimbia na kuacha harufu ya rangi ya kucha pamoja na kichwa kinachogonga asubuhi. Bara, kama Lubondja, ambako ni juu ya ziwa na usiku una ubaridi, mpishi ana bahati. Wa ufukoni auweke mtungi kwenye beseni la maji, aufunike kwa kitambaa kilicholowa.

Kikombe kikifika, mjuzi hanywi mara moja. Anatazama: povu dogo linalopanda lenyewe ni uhai, uso uliotulia wenye utando mweupe ni uzee. Ananusa: mkate, uji, matunda mabivu na uchachu wa maziwa ya mgando ni harufu njema. Siki inayochoma pua ina maana hewa imeingia mno, na harufu ya udongo wenye ukungu ina maana ya kurudisha kikombe bila aibu. Kisha funda dogo. Utamu na uchachu vifuatane, visipigane, na chenga za kimea ziwe laini, zisikwaruze. Pombe za aina hii kwa kawaida huwa na kilevi cha asilimia 2 hadi 4 hivi, chini ya Primus yenye karibu 5. Kwa hiyo ikichoma koo hadi kifuani, kuna kilichoongezwa.

Anayeanza achukue kilo 2 za kimea cha mtama, kilo 1 ya unga wa mahindi, na ndoo ya lita 20 atakayoijaza lita 15 tu, povu lipate nafasi. Uji ukishakuwa mtamu auchuje kwa kitambaa safi, auchemshe tena dakika 30, auache upoe ukiwa umefunikwa, ndipo atie hamira. Siku ya pili aonje, siku ya tatu amalize. Machicha wapewe nguruwe. Na kama anataka kujifunza kwa mama mwenye sifa kijijini, aende siku ya kuanika, si siku ya kuuza, amsalimie na kuomba: mama, naomba nikione kimea.