Hongera, Mwalimu Nehama

Kila wiki Wayahudi husoma sehemu moja ya Torati. Sehemu zote ni 54, na zikimalizika huanza upya. Miongoni mwa waliofundisha wengi kuzisoma kwa makini ni Nehama Leibowitz, mzaliwa wa Riga, mwaka 1905. Kuanzia 1942, mjini Jerusalem, alitoa karatasi ya maswali kuhusu sehemu ya wiki. Wanajeshi, wakulima na akina mama wa nyumbani walimpelekea majibu kwa posta, naye akayasahihisha kwa mkono wake, miaka takriban thelathini.

Utamu wa usomaji huu umo katika mambo madogo. Kumbukumbu la Torati 22 inamwagiza anayejenga nyumba azungushie paa ukuta, mtu asije akaanguka. Kumbe kumcha Mungu kunafika hata darini: usalama wa mgeni ni dhamana ya mwenye nyumba. Vivyo hivyo, katika Mwanzo 18, Ibrahimu, ingawa ni mzee na jua ni kali, anawakimbilia wapita njia watatu awakaribishe.

Nehama alifariki 1997. Kwa ombi lake, kaburi lake lilipewa cheo kimoja tu: mwalimu. Anastahili. Nawe msomaji, wiki hii chagua sura moja, isome polepole, kisha itende.