Mcheza Santuri na Mfasiri: Fikra za Usiku Mmoja Musoma

Msomaji wa kurasa hizi amezoea kuletewa uhakiki wa diwani au wa riwaya. Leo namwomba anivumilie, kwani ninachokusudia kukihakiki ni usiku mmoja wa muziki katika ukumbi wa starehe mjini Musoma, na mtunzi wa usiku huo ni kijana mcheza santuri, ambaye wenyewe humwita DJ. Kazi yake haikuchapishwa wala haikurekodiwa. Ilianza saa tatu za usiku, ikamalizika saa kumi za alfajiri, na sidhani kama yuko mwengine aliyekaa akaifikiria baada ya hapo.

Mkoani Mara nilikwenda kwa sababu nyingine kabisa. Mimi ni mfasiri niliyejifunza kazi hii mwenyewe, kwa kamusi ya kuazima na taa ya chemli, na kwa miaka mingi nilikuwa na hamu ya kukiona kijiji cha Butiama, si kwa ajili ya urais wa Mwalimu Nyerere bali kwa ajili ya tafsiri zake. Yeye ndiye aliyetutolea mwaka 1963 tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, akairudia na kuirekebisha hata ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, pamoja na Mabepari wa Venisi. Mtu mwenye dola mkononi, na bado akarudi kusahihisha mistari yake mwenyewe! Nilizuru Butiama, nikasimama penye kaburi lake, kisha nikarejea Musoma kulala. Nyumba ya wageni niliyoipata ilikuwa ukuta kwa ukuta na ukumbi wa disko. Usingizi ulipokataa kuja, nikavua kofia, nikaitia mfukoni, nikaenda kuwasikiliza waliokuwa wakiniamsha.

Wazee wa rika langu tuna ushahidi mmoja tunaoupenda sana tunapotaka kuyalaani madisko. Ni hotuba ya Mwalimu ya Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni na vijana. Humo alisikitika kuwa wasomi wa zama zake walijua kucheza rumba, chachacha, twist na waltz, lakini ni wachache waliopata hata kuzisikia gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama. Sisi wa pwani hujivuna kila tunaposikia kuwa lelemama yetu ilitajwa. Ila tunaponukuu, huishia hapo. Katika hotuba hiyo hiyo Mwalimu alionya kuwa kufufua utamaduni wetu si kukataa wa wengine, na kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wageni ni taifa la wajinga na wendawazimu. Aliyeyasema hayo alikuwa, kwa muda wake wa faragha, akimtia Mwingereza wa karne ya 16 katika Kiswahili. Kwa hivyo swali lake halikuwa nyimbo hizi zimetoka wapi. Lilikuwa: zikishafika kwetu, ni nani anazipokea, na anazifanya nini? Hilo ndilo swali nililoingia nalo ukumbini.

Saa ya mwanzo ukumbi ulikuwa na watu wasiozidi 20, na kijana hakuwaharakisha. Aliwapigia rumba ya Kongo kwa sauti ya chini, watu wakaweza kuzungumza. Walipoanza kuongezeka, akaingia Bongo Fleva, kisha amapiano ya Afrika Kusini. Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza kwa sikio la mtu wa mashairi. Amapiano huenda kwa mapigo 112 hivi kwa dakika, na singeli ya Dar es Salaam aghalabu hupita 200. Asiyejua kazi akiziunganisha mbili hizi, wachezaji hujikwaa. Kijana huyu aliipandisha singeli hata mapigo yake yakawa maradufu kamili ya yale yaliyotangulia, kila pigo la zamani likachukua mawili ya mapya, na miguu ikavuka pasi na kujua kuwa imevuka. Msomaji anayejua arudhi atalitambua jambo hili: ni kama kipande cha mizani 8 kinapofungua mlango wa mshororo wa mizani 16. Kijana hakujifunza arudhi, lakini mizani alikuwa nayo.

Baada ya saa sita akapiga benga. Mimi nilidhani ametuvusha mpaka ametupeleka Kenya, kumbe ametuleta nyumbani. Daniel Owino Misiani, aliyeitwa mfalme wa benga na aliyejipatia jina upande wa Kenya pamoja na bendi yake ya Shirati Jazz, alizaliwa mwaka 1940 huko Shirati, katika wilaya ambayo sasa ni Rorya, mkoa huu huu wa Mara. Alifariki mwaka 2006 kwa ajali ya barabarani Kisumu. Gitaa la benga huchupa kwa namna ya nyatiti, kinubi cha Waluo chenye nyuzi 8, na Wakurya nao wana kinubi chao, litungu, kilicho ndugu wa nyatiti. Basi walioinuka usiku ule kucheza gitaa la umeme walikuwa, kwa njia ya kuzunguka, wakicheza kinubi cha mababu zao. Nani aliyewapa? Si wizara wala chuo. Ni kijana aliyeamua kuwa saa saba za usiku ndiyo saa ya benga, akangoja mpaka watu wawe tayari kuipokea. Uteuzi wa namna hiyo ni fikra, na mwenye fikra anastahiki kuhakikiwa.

Na kuhakikiwa si kusifiwa tu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kosa la kwanza la kijana huyu lilikuwa ulimi. Kila alipokamata maikrofoni alizungumza Kiingereza cha puani ambacho si cha London wala cha Chicago, akamfunika mwimbaji katikati ya neno. Ni mfano wa mfasiri anayetia maelezo yake ndani ya matini ya mtu. Alipowasalimu watu kwa Kiswahili chake cha ziwani, mara mbili tatu, ukumbi mzima ulimjibu. Yeye mwenyewe hakuonekana kuliona hilo. Kosa la pili ni kubwa zaidi. Rumba alizozipiga usiku ukishakolea alizikata vichwa. Wimbo wa Kikongo hujengwa taratibu, beti zikisimulia, hata lifike sebene, magitaa yanapoachiwa na watu wakainuka. Yeye aliruka beti zote akaangukia kwenye sebene. Miguu ilifurahi, ndiyo, lakini furaha ya sebene hutokana na kungojewa. Anayekata beti ni sawa na mghani anayetuletea kibwagizo bila ya shairi.

Alfajiri nilimkuta nje akikunja nyaya. "Shikamoo mzee," akaniambia, "kelele zetu zimekutoa kitandani?" Nilimwitikia, nikamwambia zimenitoa, na kwamba singeli yake ilikuwa na mizani. Akacheka, akanivutia kreti la soda nikae, na kwa muda wa nusu saa akanieleza kazi yake.

Hana mkataba, hulipwa kwa usiku, na mwenye ukumbi humpima kwa mauzo ya vinywaji. Vyombo ni vya tajiri, nyimbo ni zake, zimo katika kompyuta moja ya kuukuu ambayo mchana hulala nayo kando ya mto. Kalenda yake haiko ukutani. Wavuvi wa dagaa wa ziwa hufanya kazi katika giza la mwezi, wakiwavuta samaki kwa taa, kama wavuvi wetu wafanyavyo. Mbalamwezi inapotoka wao hupumzika, na ukumbi hujaa. Bunda, alikowahi kufanya kazi, hesabu ni nyengine, kwani mji umekaa kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Sirari. Huko hupigia madereva na abiria waliokatisha safari, watu asiowajua na ambao hatawaona tena. Na msimu wa pamba ukifika, huwapigia wakulima waliokwishauza. Vijijini upande wa Butiama huitwa kwenye harusi, akaenda na maspika juu ya pikapu, na huko bibi wa miaka 70 na mjukuu wake hudai haki sawa katika uwanja mmoja. "Harusi ndiyo mtihani, mzee," akasema. "Klabu anayechukia hutoka. Harusini hakuna wa kutoka."

Nilimuuliza juu ya noti nilizoona akipewa. Akanambia hizo ni za kutaja majina: mtu hutoa pesa ili atajwe mbele ya rafiki zake au apigiwe wimbo wake papo hapo. Sisi tunaijua desturi ya kutunza. Katika taarab mtu huinuka na noti yake akamtuza mwimbaji kwa neno lililomgusa. Tuzo hufuata utungo. Huku noti hutangulia, na utungo wa usiku mzima huvunjika kwa ajili yake. Kijana analijua hilo na linamkera, lakini ujira wa usiku hautoshi kodi ya chumba, na noti hizo ndizo zinazolipia vocha za intaneti anazopakulia nyimbo mpya. Nimekosoa Kiingereza chake cha puani. Sasa najua kuwa sehemu ya maneno yale ilikuwa imenunuliwa.

Kutokana na hayo nathubutu kusema kuwa mcheza santuri ni mfasiri, na ana mabwana wawili kama sisi: wimbo, ambao hakuutunga, na hadhira, ambayo hakuichagua. Akiegemea wimbo peke yake, ukumbi hupoa. Akiegemea ukumbi peke yake, wimbo huuawa. Na kama mfasiri, jina lake halimo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, mwimbaji na mtayarishaji wa rekodi, na ni haki iwe hivyo, maana nyimbo ni zao. Aliyezipanga usiku kucha hana mahali humo, na simdai sheria mpya. Ninachokidai ni kidogo zaidi: sikio la mhakiki.

Tulikosa sikio hilo zamani pia. Mwaka 1969, mwaka ule ule uliotupa Juliasi Kaizari, muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa kuonekana unawapotosha vijana. Kuruhusu na kukataza ndiyo lugha iliyotumika, nasi wenye kalamu tukaikubali. Hatukuuliza kama wimbo ulipigwa vizuri au vibaya, wala baada ya wimbo gani. Hapa kwetu tunajua kuwa Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na tunazihifadhi santuri zake kama mboni ya jicho. Lakini wale waliozungusha mkono wa gramafoni mbele ya watu, wakaamua ipi itangulie na ipi ifuate, nani amewaandika? Vivyo hivyo nyimbo za Mara Jazz, bendi iliyoupa mji wa Musoma jina katika dansi, zimo katika ile kompyuta ya kando ya mto. Siku itakapoibiwa au kufa, zitabaki nyimbo zenyewe kwengineko, pengine. Kitakachopotea kwa yakini ni ujuzi wa saa ya kuzipiga.

Kabla hatujaagana nilimuuliza kwa nini hukata beti. Nilitarajia anijibu kuwa watu hawana subira. Akasita, kisha akasema kuwa Kilingala hakijui, na hapendi kuwaachia watu maneno asiyoyajua yeye mwenyewe, wasije wakawa wanacheza msiba. "Hata taarab zenu, mzee, mna maneno siyashiki. Nikifika hapo nazima."

Sikuwa na la kumjibu. Tafsiri yangu ya kwanza, niliyoifanya ujanani, ina ubeti mmoja pungufu. Ulikuwa na neno ambalo kamusi ya kuazima haikuwa nalo, nami sikuwa na mtu wa kumuuliza, nikauruka. Hakuna mhakiki aliyegundua hata leo, na kwa miaka 30 nimejisemea kuwa ubeti ule haukuwa na uzito. Nilimtajia kijana yale niliyoyajua ya nyimbo zetu, neno baada ya neno, naye akayaandika kwenye simu. Gari la Mwanza lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili. Tulipofika Bunda abiria walishuka kunywa chai, nami nikabaki kitini na daftari langu, nikaanza kuutafuta ubeti wangu.