Msala Upitao: Deion Sanders na Kazi ya Kujenga

Msimu wa 2025, Chuo Kikuu cha Colorado kilishinda mechi 3 na kupoteza 9. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo kilikuwa kimeshinda 9 na kupoteza 4. Waliocheka walicheka sana, maana kocha Deion Sanders si mtu wa kunyamaza. Lakini rekodi peke yake haitoshi kumhukumu kocha wa futiboli ya Marekani ya vyuo. Colorado yenyewe ni shahidi.

Bill McCartney alianza kazi hapo 1982. Msimu wake wa tatu alishinda mechi 1, akapoteza 10. Ungekuwa wewe mkubwa wa michezo pale, si ungemfukuza? Chuo kilimwongezea mkataba. Mwaka uliofuata akabadilisha mfumo wa kushambulia, akashinda 7, na 1990 Colorado ikagawana ubingwa wa taifa na Georgia Tech.

Kwa hivyo kupoteza mechi 9 katika msimu wa tatu si dhambi. Swali ni: chini ya matokeo hayo kuna nini?

Sanders alirithi timu iliyoshinda mechi 1 tu mwaka 2022. Akawaambia waliokuwepo wafikirie kuhama, kisha akajaza kikosi wachezaji wa kutoka vyuo vingine, akiwemo mwanawe Shedeur, mrushaji mpira, na Travis Hunter. Uwanja ukajaa, kamera zikafuata. Hunter, aliyecheza kushambulia na kulinda pia, akatwaa tuzo ya Heisman 2024. Tumpe kocha haki yake hapo.

Sasa tazama kule mbele, kwa yale mapande ya watu yanayomkinga mrushaji. Mwaka 2023 Shedeur aliangushwa mara 52. Ukuta ule haujengwi kwa msimu mmoja. Wanaousimamisha hukaa pamoja miaka, mpaka kila mmoja ajue mwenzake ataegemea wapi. Mpita njia hajifunzi hilo. Wahenga walituambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Shedeur na Hunter walipoenda NFL, msala ulikuwa umepita.

Watetezi wake watataja Jackson State, na wana hoja. Kule alitwaa ubingwa wa ligi ya SWAC 2021 na 2022, na alipoondoka timu haikuporomoka. Mwaka 2024, chini ya T.C. Taylor, ilitwaa ligi hiyo tena na kushinda Celebration Bowl, mechi ambayo Sanders aliipoteza mara mbili. Ila Taylor aliwahi kuchezea chuo hicho hicho, na alikuwa kwenye benchi la ufundi kabla Sanders hajafika. Yaani aliyeishika nyumba ni mwenyeji.

Kwangu mimi, Sanders ni mvutaji hodari ambaye bado hajawa mjenzi. Muda anao: Machi 2025 aliongezewa mkataba wa miaka 5, dola milioni 54. McCartney alipewa subira, akaitumia kubadilika. Ndicho kipimo kinachomfaa Sanders pia. Tukitaka kujua kama amebadilika, tusianze na ubao wa matokeo. Tuhesabu vijana walioingia wakitoka sekondari, tuone ni wangapi watakuwa bado wapo hapo mwaka wao wa tatu.