Nguo ya Kuazima, Mshono wa Nyumbani

Jamii zilizoizunguka China zilikua kwa kuazima. Hati, karatasi, taratibu za serikali, hata dini ya Buddha ambayo China yenyewe iliipokea kutoka India, vyote vilivuka mipaka na bahari. Kaskazini mwa Vietnam kulitawaliwa na China takriban miaka elfu moja tangu mwaka 111 KK. Japani haikutawaliwa nayo hata siku moja, lakini ilichota karibu kiasi kilekile, kwa hiyo mabavu peke yake hayatoshi kulieleza jambo hili. Lazima kulikuwa na mikono iliyojua kuchukua.

Mikono hiyo inaonekana katika maandishi. Hati ya Kichina iliundwa kwa lugha ambayo maneno yake hayabadiliki umbo. Kitenzi cha Kijapani kina mkia mrefu wa viambishi, kama vile cha Kiswahili kinavyobeba mzigo wake kichwani, na hati ya kigeni haikuwa na pa kuuweka mkia huo. Kufikia karne ya 9 Wajapani walikuwa wamezipunguza alama za Kichina hadi zikabaki mistari michache, kila moja ikisimamia silabi. Wanaume wasomi waliendelea kujivunia Kichina chao. Murasaki Shikibu, mwanamke wa ikulu, alitumia herufi hizo nyepesi mwanzoni mwa karne ya 11 kuandika hadithi ya Genji, ambayo inasomwa mpaka leo. Korea ilikwenda mbali zaidi: mwaka 1446 Mfalme Sejong alitangaza alfabeti mpya kabisa.

Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kweli, ikivaliwa kama ilivyo. Ikifumuliwa na kushonwa upya ni habari nyingine, na ushahidi hauko mbali: upo Goma, mashariki mwa Kongo, juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo.

Chukudu ni chombo cha mbao cha magurudumu mawili, kisicho na pedali wala injini, kilichoenea Kivu ya Kaskazini tangu miaka ya 1970. Hakuna sehemu yake ambayo fundi anaweza kudai imeanzia kwake. Gurudumu lilikuja na wageni; usukani umeigwa kwenye baiskeli; mpira umekatwa kwenye tairi kuukuu; beringi zimetolewa kwenye magari yaliyokufa. Lakini baiskeli ya dukani ingevunjika mgongo siku ya kwanza. Fundi huchagua mti mgumu kwa magurudumu na mkaratusi kwa ubao mrefu, akachonga kwa panga, akizungusha gurudumu mkononi na kulikodolea jicho moja kutafuta kitongo. Haandiki kipimo popote. Kisha hulivisha utepe wa mpira, akiupigilia misumari huku akiuvuta, maana utepe uliolegea huchomoka mteremkoni. Breki ni kipande kingine cha mpira, kinachokandamizwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Kwa siku moja hadi tatu kazi imekwisha, na chombo kinaweza kubeba kilo mia kadhaa.

Ubora wa kazi hujulikana barabarani, si karakanani. Chukudu hushuka Goma kutoka vilima vya Kibumba na magunia ya viazi, kabichi na makaa, dereva amesimama nyuma ya mzigo unaompita urefu. Penye tambarare hupiga goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu wa pili. Mji umeisimamishia chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara, heshima ambayo gari lolote la kigeni halijapewa hapo.

Baada ya miaka miwili au mitatu mbao hupasuka. Beringi hung'olewa, zikafutwa vumbi na kupachikwa kwenye chukudu mpya. Mti huishia jikoni.