Bata, Sungura na Kiwakilishi: Juu ya Sinema ya Rabbit Seasoning

Kati ya mwaka 1951 na 1953 Charles M. Jones wa Marekani, ambaye wengi wamjua kwa jina la Chuck Jones, alitengeneza kwa kampuni ya Warner Bros. sinema tatu fupi za katuni zenye wahusika wale wale: sungura, bata, na mwindaji mwenye bunduki. Ya kwanza ni Rabbit Fire ya mwaka 1951, ya pili Rabbit Seasoning iliyotoka Septemba 1952, na ya tatu Duck! Rabbit, Duck! ya mwaka 1953. Hadithi za zote tatu ni za Michael Maltese. Kila moja huchukua dakika saba hivi, na kwa sababu ya ufupi huo, na kwa sababu ni michoro ya wanyama wasemao, aghalabu huhesabiwa kuwa ni mchezo wa kuwatuliza watoto. Mwanachuoni wa lugha aliyeitazama ile ya pili kwa makini hawezi kuafikiana na hesabu hiyo. Kisa chake hakikusimama juu ya bunduki wala juu ya mbio. Kimesimama juu ya kiwakilishi cha nafsi, na ni nadra kupata katika sanaa yoyote ya kuchekesha kazi iliyoelewa jambo hili dogo kwa undani kama huo.

Mwanzo wake ni msituni. Miti imejaa vibao vitangazavyo kwamba sasa ni msimu wa kuwinda sungura. Anayevipigilia ni bata, naye akiri waziwazi mbele ya watazamaji kwamba tendo lake si la kiungwana, tena kwamba kwa kweli msimu uliofunguliwa ni wa mabata. Yafaa kulikumbuka hilo, maana baadaye bata aonekana kama mwenye kuonewa. Yeye ndiye mwongo wa kwanza. Alidanganya kwa maandishi, na atakayoyapata yatamfika kwa maneno ya mdomo.

Mwindaji afika, sungura atokea, na bata asiyeweza kuvumilia kuona windo lake likipotea ajitokeza kumwonyesha mwindaji ni nani sungura. Hapo sungura, kwa upole kabisa, amwuliza mwindaji kama angependa kumpiga yeye sasa hivi au angoje mpaka afike nyumbani. Bata apaza sauti kwamba apigwe sasa hivi. Sungura amgeukia bata na kumwambia asijiingize, kwani si lazima mwindaji ampige yeye bata sasa. Bata, kwa ghadhabu, akanusha: ni lazima, na adai apigwe papo hapo. Mwindaji ni mtu mtiifu. Bunduki yalia, na mdomo wa bata wahama mahali pake.

Ubadhilifu uko wapi? Sungura hakusema uongo hata neno moja. Alilofanya ni kubadili nafsi katikati ya mazungumzo, kutoka nafsi ya kwanza mpaka ya pili, bila kubadili mdundo wa sentensi. Bata, kwa upande wake, hasikilizi maana, asikiliza ubishi. Kila asikiapo kanusho hujibu kwa kuthibitisha, na sarufi yenyewe yamlazimisha kugeuza nafsi ya pili iwe ya kwanza, maana sasa msemaji ni yeye. Otto Jespersen aliyaita maneno ya namna hii vigeuka katika kitabu chake cha mwaka 1922, na Roman Jakobson akayachambua kwa urefu mwaka 1957: ni maneno ambayo maana yake haikai ila hutegemea ni nani anayeyatamka. Maltese na Jones, bila ya istilahi hizo, walikwisha kuonyesha miaka mitano kabla ya Jakobson ni nini kimpatacho kiumbe asahauye sheria hiyo.

Lakini uzuri hasa uko katika mzunguko wa pili. Bata ataka mazungumzo yarudiwe tangu mwanzo ili apate kujua alipokosea. Sungura akubali, asema maneno yake kwa sauti ya uchovu, kama mwanafunzi akariri somo. Bata amsimamisha mahali penyewe, na atamka kwa fahari ya mwalimu kwamba taabu iko katika kiwakilishi. Na ni kweli. Uchambuzi wake hauna kosa. Asema kwamba sungura hakupaswa kutumia nafsi ya pili bali ya kwanza. Ndipo, baada ya kulitaja neno sahihi kama neno la kinywani mwa sungura, alichukua neno lilo hilo na kubishana nalo kwa kinywa chake mwenyewe. Apigwa tena.

Hapa pana jambo ambalo walimu wa sarufi hulieleza kwa taabu, na katuni imelieleza kwa nusu dakika. Kunukuu neno la mtu si sawa na kulisema. Nafsi ya kwanza iliyo ndani ya nukuu ni ya yule anukuliwaye. Ikitoka nje ya nukuu yawa ya msemaji. Bata aijua kanuni, aieleza barabara, na avuka mpaka wa usemi halisi bila kujua kwamba ameuvuka. Elimu yake haikumsaidia kwa sababu hasira ilimfikia kabla ya kutia kituo. Wako wasomi wengi waliopatwa na hayo, ingawa si kwa bunduki.

Swali lililo la haki kuulizwa katika kurasa hizi ni kama mzaha huu waweza kusemwa kwa Kiswahili. Yadhaniwa kwa wepesi kwamba hauwezi, maana katika Kiingereza kiwakilishi cha mtendwa ni neno lisimamalo peke yake, ilhali katika Kiswahili kimefichwa ndani ya kitendo. Dhana hiyo ni ya haraka. Mtafsiri akimpa sungura maneno haya, «Si lazima akupige sasa», basi bata hana budi kujibu, «Ni lazima anipige sasa!» Itazamwe sentensi hii ya pili. Bata amegeuza mambo mawili. Amegeuza si kuwa ni, kwa hiari yake, kwa sababu ataka kubisha. Na amegeuza -ku- kuwa -ni-, bila ya hiari, kwa sababu lugha yamtaka hivyo. Mageuzi yote mawili yametoa silabi moja. Ile ni ya ushindi na ile -ni- ya maangamizi zasikika sawa sawa sikioni. Kiingereza hakina bahati hiyo.

Zaidi ya hayo, mkazo wa neno la Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Katika akupige, anipige na ampige mkazo wote uko juu ya -pi-, na kile kijineno cha nafsi kimetangulia bila mkazo, chapita kama mwizi chini ya dirisha. Sikio lenye ghadhabu hushika kitendo na kuacha mtendwa. Kwa hiyo mtafsiri asiwe na tamaa ya kuongeza mimi, wewe na yeye ili kumsaidia mtazamaji. Kiwakilishi cha mkazo humwamsha bata, na bata akiamka hapana sinema.

Ugumu wa kweli utokea pale bata atoapo hukumu yake juu ya kiwakilishi. Bata wa Kiswahili angepaswa kusema kwamba hapa si ku, ni ni. Na msikilizaji angepata ni mbili zifuatanazo, moja ya kuthibitisha na moja ya nafsi, na kwa mbali angesikia kama bata auliza ni nini. Huenda wengine wakaona kwamba hayo ni mkorogo. La, hiyo ni zawadi. Bata aliyechanganyikiwa katikati ya hotuba yake juu ya mchanganyiko ni bata aliye kamili.

Lipo jambo moja ambalo mtafsiri angefanya vema kuliepuka. Mwindaji, kwa sauti ya Arthur Q. Bryan, hawezi kutamka r wala l. Zote hugeuka w. Ni rahisi sana kumfanya katika Kiswahili awe mtu abadilishaye r na l. Lakini kubadilisha r na l kwa wasemaji wa Kiswahili si kilema cha mtu mmoja. Ni athari ya lugha za mama za jamii nzima nzima za bara, watu waliokwisha kuchekwa vya kutosha madarasani. Kichekesho ambacho katika asili yake chamhusu mtu mmoja kingekuwa dharau juu ya umma. Mwindaji na atamke vizuri. Ujinga wake wadhihirika kwa utiifu wake.

Mtazamaji wa Afrika Mashariki hatakosa kumkumbuka Sungura wa ngano. Wataalamu wamekwisha kuonyesha ujamaa uliopo kati ya ngano za Afrika na zile za watu weusi wa Marekani zilizochapishwa na Joel Chandler Harris mwaka 1880. Ikiwa damu hiyo ilimfikia sungura wa Warner Bros., na kwa njia ipi, ni neno la kusemwa kwa hadhari. Ulinganifu wa mbinu hauhitaji nasaba. Katika ngano ya Unguja iliyochapishwa na George Bateman mwaka 1901, simba amejificha nyumbani mwa sungura amngoje arudi. Sungura arudi na kuiamkia nyumba. Nyumba yanyamaza. Sungura ashangaa kwa sauti kuu, kwani nyumba yake huitika kila siku. Simba, kwa kuogopa kugunduliwa, aitika yeye. Huo nao ni mtego wa lugha: maamkio hudai jibu, na simba aliingia katika nafasi ya msemaji iliyoachwa wazi, kama bata alivyoingia katika nafsi ya kwanza. Tofauti ni kwamba sungura wa Unguja afanya hivyo kuokoa roho yake, na mwenzake wa Marekani, baada ya risasi ya kwanza, afanya kwa raha tu.

Sinema hii ina upungufu wake. Sehemu ya shimoni, ambamo wawili hao hujificha na bata hutumwa nje kuchungulia, ni ya kujaza nafasi. Sungura ajivikapo nguo za kike na mwindaji akaghafilika kwa mapenzi, ni hila iliyokwisha kutumika sana katika sinema za kampuni hiyo, na haihusiani na lugha hata kidogo. Katika hili Rabbit Fire, ambamo ugomvi juu ya jina la msimu hauachi nafasi, imeshikamana zaidi. Ile ya tatu, ambayo kila bata ajiitapo kwa hasira mbuzi au nguchiro sungura huinua kibao cha msimu wa mnyama huyo, ina wepesi wa fikira lakini yaelekea kurudia.

Walakini mwisho wa Rabbit Seasoning warudisha deni lote. Bata amfichua sungura katika mavazi yake, na sungura amwuliza mwindaji tena kama apenda kumpiga bata hapa au angoje mpaka afike nyumbani. Safari hii nafsi imetajwa wazi, haikufichwa. Bata, aliyekwisha kujifunza, acheka: hatanaswa tena na lile neno la sasa, na angoje mpaka afike nyumbani! Amechunga kiwakilishi kwa siku nzima, na swali lenye matawi mawili, ambalo kupigwa kumo katika matawi yote mawili, likampita. Aondoka na mwindaji wakifuatana kama marafiki. Mlio wa bunduki wasikika kwa mbali. Bata arudi kwa miguu peke yake, mdomo umekaa upande, amtazama sungura na kumwita mtu wa kudharauliwa. Na kiwakilishi atumiacho safari hiyo ni cha nafsi ya pili, mahali pake hasa.