Mbona Askari Hutembea kwa Hatua Moja?

Watoto wetu wa Kasongo wanapofundishwa defile ya tarehe 30 Juni, wazee husimama kando ya njia na kuulizana: mwendo huu ni wa kazi gani? Bunduki za leo zapiga mbali. Adui haogopi magoti yaliyoinuliwa vizuri. Bwana William McNeill, mwalimu wa historia huko Marekani, alijaribu kujibu swali hilo katika kitabu chake Keeping Together in Time, kilichotolewa mwaka 1995. Twataka kukisifu kwanza, kisha kugombana nacho.

Anaanza na mwili wake mwenyewe. Mwaka 1941 aliandikwa askari, akapelekwa Texas. Silaha hazikuwatosha, basi wakubwa wakawatembeza uwanjani saa nyingi, kushoto, kulia. Aliona ni upuzi. Walakini anakiri kwamba moyo wake ulifurahi, akajiona amekua mkubwa kwa kuwa mmoja na wenzake. Tena anatukumbusha Maurice wa Nassau, Mholanzi wa mwisho wa karne ya 16, aliyegawanya kazi ya kushindilia bunduki katika vitendo zaidi ya 40, kila kimoja kwa amri yake, ili mikono ya askari isisahau kazi katika moshi na hofu. Hapo twakubali kabisa. Sisi watu wa Maniema twajua tangu zamani kwamba wimbo na hatua hupunguza uzito: misafara iliyotoka Kasongo kupita Kabambare hadi ziwa Tanganyika ilikuwa na kirangozi mbele. (Lakini wengi katika misafara ile walikuwa watumwa, na wimbo haukuwafungua minyororo.)

Kosa la kitabu ni hili: chausifu umoja wa miguu, wala hakiulizi vya kutosha umoja huo ni mali ya nani. Mwaka 1897 askari wa Baron Dhanis, waliozoezwa vema, walitembezwa msituni kuelekea Nile kwa njaa na ukali. Huko Ndirfi wakaasi, wakaua wakubwa wao. Je, walitawanyika? La. Walishikamana, wakapigana muda mrefu, na mwaka 1898 wakaiteka hiyo Kabambare yetu. Mazoezi yalifanya kazi yake barabara, ila si kwa faida ya waliowazoeza. Tena tarehe 5 Julai 1960, siku chache tu baada ya sherehe za uhuru, askari wa Force Publique waliasi huko Thysville, na maasi yakaenea upesi. Hatua walizijua sana, haki hawakuiona.

Yule akida wa Kafarnaumu alikuwa mjuzi kuliko mwandishi wetu. Alimweleza Bwana wetu kwamba askari wake humtii, lakini alitanguliza kusema kwamba yeye naye yu chini ya mamlaka.

Jambo la mwisho. McNeill atia ibada na gwaride katika kapu moja. Lakini siku ya Mwili wa Bwana, bibi mwenye fimbo aenda polepole, mtoto akimbia, mama mwenye mzigo mgongoni abaki nyuma. Hakuna miguu miwili iliyo sawa, wala hakuna apoteaye, kwani macho yote yaitazama Sakramenti. Kipimo cha McNeill hakiwezi kuyapima maandamano hayo, hata vumbi lake la mwezi wa sita.