Mashine ya Mililita Chache: Kuisoma Fani ya Pampu ya Mguu wa Panya

Mchoro wa mtambo wa kuzungusha damu katika mguu mmoja wa panya wa maabara ni mchoro mfupi. Kuna chupa ndogo ya kuwekea damu, pampu, sehemu ya kutia oksijeni, maji ya uvuguvugu, kinasa viputo, kisha kanula mbili kinenani: moja katika ateri ya paja, nyingine katika vena. Viungo hivyo vyote vimo pia katika mashine ya moyo na mapafu ya chumba cha upasuaji, na msomaji mwenye haraka atasema hii ni mashine ileile, imefinywa tu. Sikubaliani naye, na ushahidi wangu ni mrija.

Panya wa gramu 300 ana damu ya mililita 20 hivi. Mrija wa mita 1 wenye kipenyo cha ndani cha milimita 3 unameza mililita 7, yaani theluthi ya damu yote ya mnyama, kabla pampu haijazunguka hata mara moja. Kipenyo kikishuka hadi milimita 1, ujazo nao unashuka chini ya mililita 1. Nafuu kubwa, ila ina gharama: ukinzani hupanda kwa kipeo cha nne kadiri mrija unavyofinyika, kwa hiyo mrija huo mpya unaikinza damu mara 81 zaidi. Mbunifu amebanwa pande zote mbili, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, urefu. Ndiyo maana katika mitambo iliyobuniwa vizuri kila kitu kimesongamana kando ya mnyama, pampu karibu igusane na meza yake. Ukiona mtambo wa panya wenye mirija mirefu iliyotandazwa kwa unadhifu, ujue aliyeuunda aliwaza picha kwanza.

Wembamba huohuo unaoitesa pampu unalisaidia pafu la bandia. Kadiri mrija unavyopungua kipenyo, ndivyo kila tone la damu linavyopata ukuta mwingi zaidi wa kugusa. Mrija mwembamba wa silikoni ukikunjwa ndani ya chupa iliyojaa oksijeni, gesi hupenya ukutani hadi kwenye damu. Hakuna haja ya kuipulizia viputo wala kuimwaga juu ya sahani. Kwangu hapa ndipo fani ya mtambo huu ilipokomaa, kwa sababu kipande kimoja kinasafirisha na kinapumua. Joto nalo, kwa bahati mbaya, hutoroka kwa urahisi uleule, hivyo mrija wa kwenda kwenye ateri hauna budi kuzungukwa na maji ya moto hadi karibu na kanula. Kinasa viputo ndicho kipande nisichokipenda: kinakula ujazo na hakichangii mwendo. Lakini kiputo kimoja cha hewa chatosha kuziba mishipa midogo, basi kivumiliwe.

Weka kando ya mtambo huu ile pampu ya kioo aliyoibuni Charles Lindbergh, rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927, akishirikiana na daktari Alexis Carrel katika Taasisi ya Rockefeller, New York. Ilitangazwa mwaka 1935, na kwa macho ni kazi bora kweli: kioo kilichopulizwa na fundi Otto Hopf, vyumba vitatu kimoja juu ya kingine, kiungo kimelala katika chumba cha juu, na shinikizo la gesi linasukuma umajimaji bila pampu kuugusa. Tezi ya thairoidi ya paka ilikaa humo siku 18. Kila mpindo wa kioo kile unajibu swali moja, vijidudu visiingie. Ila kilichozunguka humo hakikuwa damu kamili, na kiungo kilikuwa kimeshakatwa kutoka mwilini mwa mwenyewe.

Mguu wa panya haujakatwa, na hilo linabadilisha kila kitu. Mtambo wake unaiga matibabu ya binadamu, ya kuzungusha dawa ya saratani katika mguu peke yake. Madaktari wa upasuaji Creech na Krementz walipoyaanza kwa wagonjwa wa melanoma, saratani ya ngozi, huko New Orleans mwaka 1957, lengo lilikuwa kuupa mguu dozi ya dawa hiyo, melfalani, ambayo mwili mzima usingeistahimili. Kwa hiyo sehemu muhimu kuliko zote haimo ndani ya mashine: ni mpira unaokaza paja karibu na kinena ili mishipa ya pembeni isivujishe dawa kwenda moyoni. Michoro mingi huuonyesha kwa mstari mmoja hafifu, huku pampu ikichorwa hadi skrubu zake. Huo ni upungufu wa usomaji kwa upande wa wachoraji wenyewe, maana mpira ukilegea, kilichobaki ni sindano ya kawaida ya sumu kwa mnyama mzima.

Mwisho wa kazi ndio sehemu iliyo dhaifu. Mguu ukishasafishwa, mpira hufunguliwa, na kwa panya ateri na vena za paja zinaweza kufungwa moja kwa moja kwa uzi. Ile mishipa ya pembeni iliyokuwa adui nusu saa iliyopita sasa ndiyo inayoulisha mguu. Kwa binadamu daktari hulazimika kuishona ateri na kuirudishia kazi yake. Anayetaka kupima madhara ya matibabu kwa mtambo huu anapima mguu uliorudishiwa damu kwa njia ambayo mgonjwa wa kweli hatapitia, na hakuna mrija wala pampu ya kurekebisha tofauti hiyo.